Kabla hujasema "imani za kishirikina", uliza mvua ilinyeshaje

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na wengine mmeanza kuniuliza kama nimetupa kalamu. Sijatupa. Kuna habari moja niliiandika kazini, fupi tu, haifiki maneno 200, na ndiyo iliyoninyamazisha.

Ilikuwa habari ya bibi kizee aliyekatwa mapanga usiku nyumbani kwake huko Kanda ya Ziwa. Mwandishi wetu wa mkoani alituma maelezo kwa simu, mimi nikaipanga. Aya ya kwanza nani, wapi, lini. Aya ya pili kauli ya polisi. Aya ya tatu nikaweka ile sentensi ambayo nadhani kila mwandishi wa habari nchini ameshaiandika angalau mara moja: kwamba chanzo cha mauaji hayo ni imani za kishirikina. Mhariri akaipitisha bila kugusa nukta. Nikaenda kula.

Kesho yake jioni baba akanipigia kutoka Mwanza. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza, "Ile habari ya yule mama, ni wewe uliyeandika?" Nikasema ndiyo, nikidhani nitapongezwa. Akanyamaza kidogo. "Hivi wewe unajua bibi yako alikujaje mjini?"

Nilidhani najua. Bibi, mama yake baba, alikuja kuishi nasi Mabatini mwaka 2006, mimi nikiwa darasa la pili. Tuliambiwa amekuja kutibiwa macho, na kweli macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyelia usiku kucha. Akapelekwa hospitali, akapewa dawa ya matone, na hakurudi tena Maswa mpaka alipofariki mwaka 2014. Kwangu mimi Bibi alikuwa mgonjwa wa macho aliyeuzoea mji.

Baba akanieleza. Mwaka ule kijijini mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini. Ng'ombe wakaanza kuuzwa kwa bei ya mbuzi. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa akiishi na Bibi, alifiwa na mtoto, kisha akaenda kwa mganga. Aliporudi hakusema chochote, ila aliacha kula chakula kilichopikwa na mama yake. Jirani aliyeyaona hayo akapanda basi mpaka Mwanza kumwambia baba maneno machache tu: mtoeni mama yenu pale. Baba hakusubiri asubuhi.

Sasa hebu fikirini pamoja nami. Baba mdogo aliamini uchawi tangu utotoni. Aliamini mwaka 2003 alipokuwa akimpelekea mama yake maziwa kila asubuhi. Ninavyomjua, anaamini hata leo. Kama sababu ni imani, na imani ilikuwepo siku zote, kwa nini Bibi aanze kuogopewa mwaka 2006 na si mwaka mwingine? Mjini mwaka ule tunaukumbuka kwa mgawo wa umeme na jina la Richmond. Tunasahau kwamba ukame uleule uliokausha bwawa la Mtera ndio uliokausha mashamba ya Maswa.

Swali hilo ndilo lililonipeleka maktaba. Nilichokikuta huko ni historia ndefu kuliko nilivyodhani, na wachumi wawili watatu ambao laiti ningewasoma kabla sijaandika ile aya ya tatu.

Tuanze na historia. Mauaji ya vikongwe Usukumani si jambo la juzi. Mwanazuoni wetu Simeon Mesaki, aliyeandika tasnifu yake ya uzamivu juu ya suala hili mwaka 1993, alikusanya takwimu za serikali za kuanzia 1970 hadi 1984 zinazoonyesha kwamba zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Zaidi ya nusu walikuwa wa Usukumani, na huko wengi wao walikuwa wanawake. Kumbukeni hiyo ni miaka ya Ujamaa, nchi inayosifiwa kwa amani, na majirani zetu wakipigana.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 1976 vyombo vya dola vilifanya operesheni kubwa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga kuwasaka wauaji. Mamia ya watu walikamatwa. Waliteswa, na baadhi walifia mikononi mwa dola. Habari zilipomfikia Mwalimu Nyerere uchunguzi ukafanyika, na Januari 1977 mawaziri wawili wakajiuzulu. Mmoja alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi. Naam, Mzee Ruksa huyuhuyu tuliyemzika mwaka 2024. Kila anapotajwa kiongozi aliyewajibika kwa kosa ambalo hakulitenda kwa mkono wake, tunamtaja yeye. Ni sawa. Lakini jiulizeni, ni wangapi kati yetu tunaokumbuka kwamba msururu ule wote ulianzia kwa vikongwe waliokuwa wakikatwa mapanga? Mimi nimesoma shahada nzima ya uandishi wa habari, kisa cha Mwinyi nimefundishwa mara mbili, na vikongwe hawakutajwa hata mara moja.

Kwa nini miaka ile, kwa nini kule? Wanahistoria wana majibu kadhaa na yote yana uzito. Zamani mtemi ndiye aliyepokea tuhuma za uchawi, na mara nyingi adhabu ilikuwa kumhamisha mtuhumiwa aende kuishi mbali. Waingereza nao, katika sheria yao ya uchawi ya mwaka 1928, walimpa mkuu wa wilaya mamlaka ya kumwamuru mtuhumiwa akaishi kwingine. Sipendi sheria hiyo, lakini angalau ilikuwa na mlango wa kutokea. Mwaka 1963 utemi ukafutwa, na mlango ule wa zamani wa kwa mtemi ukafungwa. Kisha mwaka 1974 ikaja operesheni ya vijiji. Familia za Kisukuma zilizozoea kuishi mbalimbali, kila mji na mashamba yake, zikajikuta zimepangwa mstarini, jirani anasikia jirani akikohoa. Ng'ombe wa huyu anakula mahindi ya yule, mtoto wa yule anaugua. Watu hawakuchaguana, na kuhama hawaruhusiwi.

Majibu hayo yanaeleza kwa nini Usukuma, na kwa nini miaka ya 1970. Hayaelezi kwa nini 2006 na si 2003. Kwa hilo inabidi tuende Meatu, jirani kabisa na Maswa.

Mchumi wa Marekani anayeitwa Edward Miguel, wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, alikusanya kumbukumbu za mauaji katika vijiji 67 vya wilaya ya Meatu kwa miaka 11, kuanzia 1992 hadi 2002. Wakati huo Meatu ilikuwa mkoa wa Shinyanga, leo ni Simiyu. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 2005 katika makala yenye jina Poverty and Witch Killing. Kila mwaka, kwa kila kijiji, aliuliza mambo ambayo sisi waandishi hatuyaulizi: mvua ilinyeshaje? Kulikuwa na ukame? Kulikuwa na mafuriko? Kulikuwa na ugonjwa wa mlipuko? Kisha akauliza nani aliuawa na kwa sababu gani.

Alichokipata ni hiki. Katika mwaka ambao mvua imeharibika, iwe kwa kukosekana au kwa kuzidi na kuleta mafuriko, mauaji ya watuhumiwa wa uchawi yalikuwa karibu mara mbili ya mwaka wa kawaida. Waliouawa karibu wote walikuwa wanawake, wengi wa miaka 50 kwenda juu, na wauaji mara nyingi walikuwa ndugu. Mauaji ya aina nyingine, yaani ya wizi, ya pombe, ya ugomvi, hayakupanda katika miaka hiyo mibaya. Yalibaki palepale.

Kwa nini mvua? Hapa ndipo ninapowavulia kofia wachumi, ingawa kwa kawaida nawaona watu wa kutuchosha kwa grafu. Ukisema tu kwamba vijiji maskini vina mauaji mengi, mtu anaweza kukujibu kwamba labda vijiji hivyo ni maskini kwa sababu ya hayo mauaji, au kwamba vyote viwili vinaletwa na kitu cha tatu, tuseme uongozi mbovu. Lakini mvua haileti siasa. Haijui kijiji hiki kina mwenyekiti mlevi na kile hakina. Ikikatika, inakatika kwa sababu zake yenyewe, na kinachobadilika kijijini baada ya hapo ni ghala. Kwa hiyo mauaji yakipanda baada ya mvua kukatika, una haki ya kulitazama ghala kwa jicho la tuhuma.

Kuna jambo jingine kwenye utafiti ule lililonishtua zaidi. Kila mtu Usukumani atakuambia kazi ya mchawi ni kuleta magonjwa na vifo. Basi ungetegemea mwaka wa ugonjwa wa mlipuko ndio uwe mwaka wa mapanga. Haikuwa hivyo. Miaka ya magonjwa haikuonyesha ongezeko kama lile la miaka ya mvua mbaya. Imani ilisema tazama ugonjwa, mapanga yakafuata njaa.

Nimerudia hesabu ile kwa vidole vyangu. Vijiji 67 kwa miaka 11 ni miaka ya kijiji 737. Mauaji ya tuhuma za uchawi yaliyohesabiwa yalikuwa kama 65 hivi, karibu nusu ya mauaji yote yaliyotokea. Maana yake ni kwamba kijiji kimoja kingekaa wastani wa miaka 11 ndipo kipate tukio moja. Nalisema hili kwa sababu wapo watakaosoma hapa na kuanza kuwaita Wasukuma wauaji. Vijiji vingi, katika miaka mingi, hata ile ya njaa kali, havikuua mtu. Watu waligawana kilichopo na vikongwe wakaishi. Mimi mwenyewe ni Msukuma na sitaki kusikia upuuzi huo.

Miguel anajaribu kueleza kilichopo nyuma ya takwimu. Kaya ikiishiwa, anasema, hesabu ya kikatili inaanza: nani anakula na hazalishi? Hapa sikubaliani naye kwa asilimia zote. Bibi wa Kisukuma anazalisha. Analea wajukuu, anapika, analinda mazao yasiliwe na kuku, anakausha viazi. Ila kazi zake hazipimwi kwa gunia, na mwaka wa njaa kinachoonekana ni magunia tu. Nadhani ndivyo ilivyokuwa kwa baba mdogo. Hakukaa chini na kalamu akapiga hesabu ya kumwondoa mama yake. Alikuwa amefiwa, ana deni, na ng'ombe wake wamekufa. Alikuwa anatafuta jibu la swali moja: kwa nini mimi?

Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1937 mwanaanthropolojia Evans-Pritchard alichapisha kitabu kuhusu Waazande wa Sudani, na ndani yake kuna mfano wa ghala linaloanguka na kuwaumiza watu waliokaa kivulini mwake. Waazande walijua vizuri kabisa kwamba mchwa wamekula nguzo. Walichotaka kujua ni kwa nini lianguke saa ileile ambayo hawa wamekaa pale. Mchwa hawajibu swali hilo. Mganga anajibu, na jibu lake lina jina la mtu.

Na jina linatoka wapi? Usukumani, dalili inayosemwa kuliko zote ni macho mekundu. Akili ya binadamu iliyochoka inapenda njia ya mkato. Haina muda wa kupima ushahidi, inataka alama. Macho mekundu ni alama inayoonekana kutoka mbali, na ukitaka kuona haki iko wapi katika alama hiyo, fuateni nami historia ya moshi.

Mwanamke wa Shinyanga au Maswa alipikia nini? Kinyesi cha ng'ombe kilichokauka na mabua ya pamba. Kwa nini asitumie kuni? Kwa sababu miti haikuwepo. Na miti ilikwenda wapi? Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Waingereza, chini ya mtaalamu wao wa mbung'o Charles Swynnerton, ilisimamia ufyekaji mkubwa wa mapori ya Shinyanga, watemi wakikusanya maelfu ya watu kufyeka ili mbung'o wasipate pa kujificha. Mbung'o waliua ng'ombe, kwa hiyo ufyekaji haukuwa wazimu. Kisha likaja zao la pamba, ardhi ikafyekwa zaidi, ng'ombe wakaongezeka. Hali ikawa mbaya kiasi kwamba mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, kurudisha miti na yale malisho ya akiba ambayo Wasukuma huyaita ngitili. Miaka yote hiyo bibi alikuwa jikoni, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, akipuliza kinyesi kilichogoma kuwaka. Macho yakawa mekundu. Akaitwa mchawi kwa sababu ya mbung'o na pamba.

Macho ya Bibi yalipona Mwanza. Si kwa matone peke yake. Nyumbani tulipikia mkaa, na jiko lilikuwa nje uani.

Nikiwa bado na mshangao huo nikakutana na ugomvi wa wachumi wenyewe kwa wenyewe, na ni ugomvi mzuri. Ulaya nako, kama mnavyojua, waliwachoma wachawi, na makadirio ya wanahistoria wengi ni kwamba watu kati ya 40,000 na 60,000 waliuawa. Mwaka 2004 mchumi Emily Oster aliandika kwamba kesi za uchawi Ulaya ziliongezeka vipindi vya baridi kali, wakati mazao yalipoharibika. Yaani Meatu ya karne ya 16. Mwaka 2018 wachumi wengine, Peter Leeson na Jacob Russ, wakatoa takwimu za watu zaidi ya 43,000 walioshtakiwa katika nchi 21, wakasema hapana, hali ya hewa haielezi mengi. Kilichoeleza zaidi, kwa maoni yao, ni ushindani wa Wakatoliki na Waprotestanti. Kesi zilichachamaa pale ambapo makanisa mawili yaligombea waumini, kila moja likitaka kuonyesha kwamba lina nguvu za kumlinda mtu dhidi ya shetani.

Mwanzoni nilidhani Leeson na Russ wameivunja hoja yangu. Baadaye nikaona wameniongezea kitu. Njaa inaleta mteja kwa mganga, lakini lazima awepo mganga anayeuza jina. Waganga nao wana soko. Vijiji vya kwetu vina waganga kadhaa, na mteja aliyeambiwa "ni bahati mbaya tu, nenda nyumbani" atakwenda kwa wa pili, na huyo wa pili ndiye atakayemlipa. Mganga mwaminifu anapoteza biashara. Ndiyo maana katazo la wapiga ramli, kama lile lililotangazwa Januari 2015 baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, linagusa upande mmoja wa jambo hili. Upande wa wateja, wale wanaopanga foleni mwaka wa njaa, unabaki vilevile.

Sasa tuje kwenye kuzuia, maana kuelewa peke yake hakumwokoi mtu. Ripoti ya haki za binadamu ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu ilitaja watu 765 waliouawa kwa tuhuma za uchawi mwaka 2013, kati yao 505 wakiwa wanawake. Hiyo ni miaka 36 baada ya Mwinyi kujiuzulu. Polisi, operesheni, Sungusungu walioanza Usukumani miaka ya mwanzo ya 1980, mahakama, hukumu za kunyongwa, vyote tumevijaribu.

Kilichonifurahisha ni kazi ndogo iliyofanywa Magu na shirika la wenyeji liitwalo MAPERECE, likisaidiwa na HelpAge. Hawakuanza kwa kuwaambia watu uchawi haupo. Walijenga majiko yasiyotoa moshi mwingi. Walikarabati nyumba za vikongwe ziwe na milango inayofungika. Wakakaa na waganga na viongozi wa vijiji kuzungumzia macho mekundu yanatoka wapi. Ukiisoma haraka utaona ni miradi ya kawaida ya mafiga na mabati. Ukiisoma taratibu utaona wameshika zile nguzo mbili: wamefuta alama ambayo akili iliyochoka inaikimbilia, na wamefanya panga liwe gumu kumfikia mtu.

Nguzo ya tatu ni fedha. Miguel anapendekeza pensheni kwa wazee. Mzee akipokea chochote kila mwezi, kaya nzima ina sababu ya kumtakia maisha marefu, na mwaka wa njaa yeye ndiye ghala. Anataja Afrika Kusini, jimbo la kaskazini ambalo leo ni Limpopo, ambako mauaji ya watuhumiwa wa uchawi yalipungua sana baada ya Waafrika kuanza kupata pensheni nono ya uzeeni mwanzoni mwa miaka ya 1990. Yeye mwenyewe anautoa mfano huo kama dalili tu, na yuko sahihi, maana miaka hiyohiyo ubaguzi wa rangi ulikuwa ukianguka na mambo mengi yalibadilika kwa pamoja. Lakini ni dalili inayostahili kujaribiwa.

Zanzibar imeshaanza, ingawa si kwa sababu hii. Aprili 2016 serikali ya huko ilianza kumlipa kila mtu mwenye miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza alifanya kazi wapi. Kenya ikafuata mwaka 2018 na wazee wake wa miaka 70. Kwetu Bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, tuna TASAF inayozilipa kaya maskini kuliko zote, na kuhusu pensheni ya wazee wote tuna warsha nyingi. Nimehudhuria moja. Chakula kilikuwa kizuri.

Msidhani naamini fedha zinatibu kila kitu. Kilifi, pwani ya Kenya, wazee wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma hizihizi, na huko kinachotajwa sana ni ardhi: vijana wanataka shamba liuzwe, mzee hataki. Hapo elfu ishirini kwa mwezi haishindani na bei ya ekari karibu na bahari. Na Liberia, Christopher Blattman na wenzake waliwagawa kwa bahati nasibu vijana 999 wa Monrovia waliokuwa wezi na wababe wa mitaani. Wengine walipewa dola 200, wengine mafunzo ya wiki nane ya kujizuia hasira na kujiona upya, wengine vyote viwili, wengine hawakupewa kitu. Baada ya mwaka, fedha peke yake zilikuwa zimeyeyuka, mafunzo peke yake yamefifia. Waliopata vyote viwili ndio waliobadilika, na walipofuatiliwa baada ya miaka 10 tofauti ilikuwa bado ipo. Sisemi tuwape akina baba mdogo mafunzo ya wiki nane. Nasema anayefikiri jambo hili ni la mahubiri tu, au la noti tu, amwangalie yule kijana wa Monrovia.

Baba alisikiliza haya yote kwenye simu kwa uvumilivu. Nilikuwa nimempigia tena, safari hii na daftari mkononi. Nilipomaliza akauliza kama ninataka kusema mdogo wake hana hatia. Nikasema hapana. Mvua haikumshika mkono mtu yeyote. Watu wengine walikaa na njaa ileile na mama zao. Akasema, "Basi sawa, andika."

Nikamwuliza kama anadhani baba mdogo angefanya kweli. Akasema hajui, hajawahi kumwuliza, na kwamba mimi pia nisimwulize.

Ila aliniambia kitu ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa ingawa nilikuwepo. Mwaka 2007, baada ya mavuno, baba mdogo alikuja Mwanza. Mvua za msimu ule zilikuwa nyingi. Alikuja na gunia la michembe na kuku wawili wamefungwa miguu, akasimama nje ya geti muda mrefu kabla ya kubisha. Bibi alikuwa ameketi uani kwenye mkeka. Akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu," naye akaitikia, akamwuliza watoto hawajambo, akauliza mtama umetoka magunia mangapi. Kisha akainuka akaichambua ile michembe, akaipika kwa karanga. Baba mdogo alikula. Mimi nilikula sana siku ile, nakumbuka, maana nilikuwa sijawahi kuionja.